Kompyuta nzito inayostak kila saa: cha kufanya kabla hujapiga Windows upya

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuwa nzito, mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia ina vairasi, wa pili atakwambia piga Windows upya tu, na ukifuata hivyo hivyo bila kuangalia chochote unaweza ukabahatika ikachangamka wiki mbili alafu ikarudi pale pale, au usibahatike ukapoteza kila kilichokuwa humo. Hilo la pili lilitukuta sisi. Kompyuta ya dada yangu ilikuwa inastak, tukampa mtu anayejua haya mambo, akapiga Windows upya juu ya hadi diski (hard disk, pale faili zote zinapokaa) ambayo kumbe tayari ilikuwa inakufa, kazi ilipofika katikati diski ikagoma moja kwa moja. Picha za mama za miaka yake ya mwisho zilikuwa humo na hazikuwa mahali pengine popote.

Ndo maana hapa hatuanzi na kusafisha wala kuongeza spidi. Tunaanza na kuokoa vitu, alafu kuangalia, na kugusa kunakuja mwisho. Nitaongelea zaidi Windows 10 na 11 maana ndo zipo nyumbani kwa wengi, ila mambo ya diski, RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika vile ulivyofungua) na joto ni yale yale hata kwa mwenye Mac au Linux.

Hatua ya 1: Okoa vitu vyako leo hii

Kama mashine bado inawaka hata kwa kujikongoja, chukua fleshi au hadi diski ya nje ukopi vile visivyopatikana tena: picha, video za familia, kazi za shule na ofisini, vyeti ulivyoskani. Programu achana nazo, Windows yenyewe achana nayo, hivyo vyote vinapatikana upya. Anza na vidogo vyenye thamani kubwa, maana kama diski inakufa hujui imebakiza masaa mangapi, sasa ukianza na folda ya muvi ya GB 300 ukaacha vyeti viwe vya mwisho unaweza ukajuta. Na kopi, usihamishe, ili ikikatika katikati kile cha mwanzo kiwe bado kipo.

Wengi wanakopi folda ya Documents wanaona wamemaliza, wakati nusu ya maisha yao iko Desktop na Downloads. Pitia huko pia. Ikikopi alafu ikasimama kwenye faili moja dakika nzima, iruke uendelee na zingine, hiyo utairudia mwishoni, ila jambo hilo liandike pembeni kwasababu ni dalili na tutaihitaji mbele.

Kama haiwaki kabisa mpaka ndani usikate tamaa mapema. Tengeneza fleshi ya Linux kwa kutumia kompyuta ya mtu mwingine, Ubuntu au Linux Mint, washa mashine yako kupitia hiyo fleshi bila kuinstoo chochote, na utaiona hadi diski yako kama unavyoona fleshi ya kawaida, unakopi unachotaka. Kitakachokusumbua ni kama diski imefungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows la kulinda diski, hapo utadaiwa namba ya kufungulia yenye tarakimu 48, na mara nyingi huwa imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft hata kama hukumbuki kuihifadhi, ingia uitafute.

Ila ukisikia diski inagonga, tik tik tik, inanyamaza, inagonga tena, zima. Usijaribu mara ya tano wala ya sita. Kile kichwa cha kusomea kinaweza kuwa kinakwaruza sahani ndani na kila ukiwasha unapunguza nafasi ya kuokoa kitu. Kama vilivyomo vina thamani kweli, hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa vya kuokoa data.

Hatua ya 2: Jua kama ni nzito au inastak

Watu wanachanganya hivi viwili. Nzito ni ile unabonyeza kitu kinafunguka ila baada ya muda mrefu. Kustak ni ile kila kitu kinasimama, mausi hata haitembei. Sababu zake zinaweza kufanana ila njia ya kutafuta sio moja.

Ikistak, kabla hujaizima kwa kulazimisha, bonyeza Caps Lock uangalie kataa kake, ile taa yake ndogo, kwenye kibodi. Kakiwaka na kuzima kila ukibonyeza maana yake ndani bado kuna uhai, kilichokwama ni programu moja, au picha ya skrini, au Windows inasubiri diski iijibu. Kasipojibu kabisa basi mfumo mzima umesimama, na hapo fikiria RAM, joto, umeme au draiva (programu ndogo inayowezesha Windows kuongea na kifaa) kabla ya kufikiria brauza. Kataa kakijibu lakini skrini haibadiliki, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, hiyo inawasha upya draiva ya picha, skrini itapepesa kidogo na wakati mwingine kila kitu kinarudi palepale ulipokuwa. Ikirudi hivyo umeshajua mkosaji yuko upande wa picha.

Alafu chukua karatasi uandike inatokea lini. Naomba usiruke hapa. Inastak baada ya nusu saa ya gemu au video? Shuku joto. Inakuwa nzito dakika kumi za kwanza baada ya kuwasha alafu inatulia? Diski, au programu zinazojiwasha zenyewe. Inazidiwa ukifungua brauza na kitu kingine? RAM haitoshi. Inastak ovyo ovyo hata hujafanya kitu, mara asubuhi mara usiku, bila mpangilio? RAM mbovu, umeme au draiva. Karatasi ya siku tatu itakuonyesha njia ambayo kubahatisha mwezi mzima hakukuonyeshi.

Jambo dogo hapo hapo: kuzima na kuwasha sio sawa na kurestati. Tangu Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, ukibonyeza Shut down inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, kwa hiyo matatizo ya draiva yanaweza kulala na kuamka nayo. Ukibonyeza Restart ndo inaanza upya kweli. Kuna watu mashine zao hazijarestati wiki kadhaa na wao kila usiku wanazima. Jaribu hilo kwanza, halikugharimu kitu.

Hatua ya 3: Iangalie wakati inaumwa

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Kwenye Windows 10 ikija ndogo bonyeza More details. Utaona safu za CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk, kila moja kwa asilimia. Ukiifungua mashine ikiwa shwari haitakwambia kitu, iache wazi pembeni uendelee na kazi zako, ikianza kusumbua tu geuza macho uangalie ipi imepanda. Ukibonyeza jina la safu juu, programu inayokula zaidi inapanda juu ya orodha.

CPU ikiwa juu ya 90 muda wote wakati hujafungua kitu, kuna programu inaifanyisha kazi, isome jina. Memory ikiwa 85 au 90 na umefungua brauza tu, nenda hatua ya 5. Na Disk ikiwa 100, soma vizuri hapa kwasababu ndo wengi wanapotelea.

Disk 100 haimaanishi diski imejaa. Inamaanisha haipumziki. Bonyeza upande wa Performance, chagua diski yako, uangalie vitu viwili kwa pamoja: inasoma na kuandika MB ngapi kwa sekunde, na ile inayoitwa Average response time, yaani ikiombwa kitu inachukua muda gani kujibu. Kama iko 100 na inasukuma MB 90 au 100 kwa sekunde, basi inafanya kazi kwelikweli, labda kuna apdeti au unakopi kitu kikubwa, iache imalize. Lakini ikiwa 100 na kinachopita ni MB 1 au 2, na muda wa kujibu ni milisekunde mia tano, elfu moja, elfu tatu, hiyo diski inahangaika. SSD (diski isiyo na kinachozunguka ndani) ikiwa nzima inajibu ndani ya milisekunde chache, hadi diski ya kuzunguka ikiwa na kazi nyingi inafika makumi, ila maelfu ya mara kwa mara sio kawaida ya diski yoyote.

Nieleze kidogo kwanini hadi diski za kuzunguka zinateseka sana na Windows za siku hizi. Ndani yake kuna sahani inayozunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na mkono unaotembea juu yake kutafuta kitu kilipo, na kila safari ya kutafuta inachukua kama milisekunde 10 hivi. Faili moja kubwa inasomeka vizuri tu kwasababu mkono ukishafika unakaa. Shida ni kwamba Windows ikiwaka inasoma maelfu ya faili ndogo ndogo zilizotawanyika huku na huko, na wakati huohuo antivairasi inaskani, apdeti zinatafutwa, brauza inafungua kurasa za jana, mkono ni mmoja na wote wanauita. SSD haina kinachotembea, inajibu chini ya milisekunde moja. Ndo maana kompyuta ya miaka kumi ikiwekewa SSD mwenyewe anadhani umembadilishia mashine.

Hatua ya 4: Pima afya ya diski

Hapa ndo pangeokoa picha zetu. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo, idaunlodi kwenye tovuti yake yenyewe, ifungue. Inasoma rekodi ambazo diski inajiandikia yenyewe. Juu itaandika Good kwa bluu, Caution kwa njano, au Bad kwa nyekundu. Ukiona njano au nyekundu na hujamaliza hatua ya 1, acha kusoma, rudi ukamalize.

Hata ikiwa bluu, kwa hadi diski ya kuzunguka angalia mistari hii. 05 ni sehemu zilizokufa ambazo diski imeshazibadilisha na za akiba. C5 ni sehemu ambazo zimekataa kusomeka na diski bado haijaamua ifanye nini nazo. C6 ni zile zilizoshindikana. Zikiwa sifuri zote, safi. Ikiwa C5 ina namba, umepata sababu kubwa ya kustak, kwasababu diski ikikutana na sehemu kama hiyo haikubali haraka, inarudia kusoma tena na tena, na muda wote huo Windows imekaa inaisubiri, wewe unaona mausi imeganda. Zingatia kwamba hizo namba kwa kawaida programu inaziandika kwa hesabu ya kikompyuta, kwa hiyo 10 pale ni 16 ya kwetu. Wala usiumize kichwa na ukubwa wa namba, angalia kama inapanda. Iandike leo, uiangalie baada ya wiki.

Kwa deskitopu angalia pia mstari wa C7. Huo ukipanda wakati mingine imetulia, mara nyingi diski haina kosa, kosa ni waya wa SATA unaoiunganisha na bodi. Zima, chomoa umeme, toa waya pande zote mbili, rudisha kwa nguvu kidogo mpaka ukae, au weka mwingine. Nimeshaona mtu ananunua diski mpya alafu ugonjwa uko palepale kwasababu waya ni ule ule.

Ushahidi mwingine uko kwenye Windows yenyewe. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs kisha System, utafute mistari iliyoandikwa disk kwenye safu ya Source. Namba 7 inasema kuna sehemu mbovu, 153 inasema ombi limerudiwa. Ukikuta mengi na saa zake zinalingana na saa ulizoandika kwenye karatasi yako, huna haja ya kumuuliza mtu tena.

Onyo, na nalisema kwa uchungu: usikimbilie chkdsk yenye /r (amri ya Windows ya kukagua diski) kwenye diski inayoonekana mgonjwa kabla hujakopi vitu. Ile inasoma diski nzima mwanzo mwisho, masaa kwa masaa, na diski iliyochoka inaweza kumalizikia hapo. Kopi kwanza. Na diski ikishakuwa na C5 inayopanda usijaribu kuitibu, ibadilishe.

Kama ni nzima lakini ni ya kuzunguka, na pesa yako ya marekebisho ni ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Mashine nyingi zilizokuja na hadi diski ya inchi 2.5 zinapokea SSD ya SATA ya saizi hiyo hiyo bila kubadilisha kingine, hiyo inasoma kama MB 500 kwa sekunde dhidi ya mia na kidogo za ile ya zamani. Zile nyembamba za M.2 angalia kwanza mashine yako inapokea aina gani, SATA au NVMe, zinafanana kwa macho ila haziingiliani kila mahali. Kuhamisha kila kitu kama kilivyo unaweza kutumia Clonezilla, ni ya bure, ila mimi diski ikiwa na makosa napendelea kuanza Windows mpya kwenye SSD alafu narudisha faili zangu, sihamishi ugonjwa.

Na kama imejaa, punguza. Nenda Settings, System, Storage, uone nini kinakula nafasi, futa vya muda na uhamishe vikubwa nje. Bakiza angalau asilimia 15 hivi. SSD usiifanyie ile kazi ya zamani ya kupanga vipande (defrag), Windows inajua kuitunza yenyewe.

Hatua ya 5: RAM, haitoshi au ni mbovu

Microsoft wanasema Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwa uchache. Hizo ni za kuwaka. Ukiwa na 4 na brauza ya leo, RAM inajaa, Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski ili ipate pa kupumulia, na diski ikiwa ya kuzunguka ndo unapata ule uzito wa kukaa unaangalia kurasa inajichora. GB 8 unaishi vizuri, 16 unasahau. Kabla hujanunua, ukiwa kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc uone ukurasa gani na kiongezi (extension) gani kinakula, unaweza ukakuta kiongezi kimoja ulichoweka zamani ndo mlaji mkuu, unakitoa yanaisha.

Ukiamua kununua, DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, mkato wake wa chini uko sehemu tofauti, na ya laptopu ni fupi kuliko ya deskitopu. Task Manager upande wa Performance kwenye Memory inakuonyesha nafasi zipo ngapi na ngapi zimetumika. Laptopu nyembamba nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki, jua hilo mapema.

RAM mbovu ni habari nyingine. Hiyo haileti uzito, inaleta kustak ovyo, skrini ya bluu yenye sababu tofauti kila siku, faili zinazoharibika bila maelezo. Bonyeza Windows na R, andika mdsched, kubali irestati ipime. Ukitaka kipimo kikali zaidi tumia MemTest86 kwenye fleshi uiache usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuikataa. Ila kabla ya kuitupa, zima, chomoa umeme na bateri, gusa chuma cha bodi ya nje kutoa umeme wa mwilini, toa RAM, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka ilie klik. Ukiwa nazo mbili, washa na moja moja, ndo utajua mbaya ni ipi.

Hatua ya 6: Joto

Prosesa ikipata moto sana inajipunguzia spidi yenyewe ili isiungue, ukiendelea inazima. Nyingi zinaanza kujipunguza karibu na nyuzi 95 mpaka 100. Weka HWMonitor uisome: ikiwa imetulia iko 40 au 50 hakuna neno, ukifungua video ikakimbilia 95 papo hapo basi hewa haipiti. Laptopu inayotumika kitandani juu ya blanketi inaziba matundu ya chini, iweke juu ya meza tu kwanza uone tofauti.

Vumbi litoe kwa hewa ya kopo au pampu ndogo, mashine ikiwa imezimwa, na feni uishike kwa kidole isizunguke maana ukiipuliza kwa nguvu inazunguka kupita kiasi. Mashine ya miaka mingi, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake huwa imekauka, kuibadilisha kunashusha joto vizuri, ila kama hujawahi kufungua laptopu usianzie hapo, mpe mwenye mkono.

Kwenye laptopu cheki na chaja. Baadhi ya laptopu zikiona chaja isiyo yake au yenye nguvu ndogo zinabana prosesa, CPU inabaki chini ya GHz 1 hata ukiilazimisha, na mtu anahangaika na vairasi wiki nzima. Task Manager inakuonyesha hiyo spidi hapo hapo kwenye CPU. Kwa deskitopu inayozima au kustak ikizidiwa kazi, pawasaplai, lile boksi la kuigawia umeme, nayo ni mshukiwa.

Hatua ya 7: Vinavyojiwasha, antivairasi mbili, na vairasi wenyewe

Task Manager ina sehemu ya Startup. Zima kila ambacho hukihitaji kiwake chenyewe: vizindua gemu, vya mikutano, vya kuapdeti printa. Kuzima hapo hakufuti programu, utaifungua ukiitaka. Vya sauti, vya padi ya mausi na vya antivairasi viache.

Antivairasi mbili kwenye mashine moja zinapigania kila faili unalofungua, toa moja. Microsoft Defender iliyokuja na Windows inatosha watu wengi. Ukishuku vairasi, fungua Windows Security, kwenye scan options chagua ile ya Offline, itarestati na kuskani kabla Windows haijaamka, kwa kawaida haizidi robo saa. Dalili inayonifanya nishuku kweli ni CPU kuwa juu ukiwa hufanyi kitu alafu inashuka ghafla ukifungua Task Manager, kuna wanaochimba sarafu za kidijitali kwa mashine za watu wanajificha hivyo.

Programu za kuharakisha kompyuta, za kusafisha rejista, za kuongeza RAM kwa kubonyeza kitufe, zote acha. Hazitibu chochote kati ya nilivyotaja na nyingi zenyewe ndo zinajiwasha na kukaa zinakula.

Hatua ya 8: Kipimo cha kutenganisha

Hapa ndo ninapopaamini kuliko pote. Washa mashine kwa ile fleshi ya Linux, fungua video na kurasa kadhaa, iache lisaa limoja au mawili. Ikiwa shwari, tatizo liko kwenye Windows au kwenye hadi diski. Ikistak hata hapo, izime, toa hadi diski kabisa, ujaribu tena. Ikitulia baada ya kuitoa, ni diski. Ikistak bila diski, umebaki na RAM, joto, umeme au bodi, na usimruhusu mtu akupigie Windows upya kwa ugonjwa huo, haugusi.

Kama imeonekana ni Windows, ingia Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vya lazima tu, shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, fuata Troubleshoot mpaka Startup Settings. Ikiwa nzuri humo, mkosaji ni draiva au programu ya mtu wa nje. Andika perfmon /rel kwenye Windows na R, itakuja kalenda inayoonyesha kila siku kilichoanguka na kilichoinstoliwa, tafuta siku ugonjwa ulipoanza uangalie siku hiyo na ya kabla yake kiliingia nini. Draiva zichukue kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine au kadi.

Faili za Windows zenyewe zikiwa zimeharibika, fungua Command Prompt kama administrator, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, isubiri hata ikionekana imekwama kwenye asilimia fulani, ikiisha andika sfc /scannow. Zinakuta na kurudisha zilizoharibika. Lakini zikirudi kuharibika tena baada ya wiki, rudi hatua ya 4 na ya 5, kuna kitu kinaziharibu.

Hatua ya 9: Sasa ukitaka piga Windows upya

Diski imepimwa ni nzima, RAM imepita, joto sawa, vitu vyako viko nje, na bado inasumbua: haya, piga. Settings, sehemu ya Recovery, Reset this PC, au bora zaidi kwa fleshi ya Windows safi. Kama uko Windows 10, jua kwamba Microsoft walisitisha apdeti zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usiirudishe hiyo hiyo bila kufikiria. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa zilizo kwenye orodha yao, mashine nyingi za zamani hazimo. Kwa mashine kama hizo zenye RAM ya 4 ambazo kazi yake ni brauza na kuandika, Linux Mint inakaa vizuri na inakubali printa nyingi.

Ukimaliza, kabla hujarudisha mafaili yako, fungua CrystalDiskInfo upige picha skrini, na Task Manager uipige picha ikiwa imetulia. Zihifadhi kwenye simu. Baada ya mwezi fungua tena ulinganishe 05, C5 na C7 na zile za picha. Na zile picha ulizokopi hatua ya 1 usizifute kwenye diski ya nje ati kwasababu zimesharudi kwenye kompyuta, ziache huko, na kopi nyingine iweke kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine.